Kigari cha Nairobi ukiwa majuu: kwanza uliza nani atakaa na ufunguo

Simu ilikuja saa kumi jioni ya Leeds, mwezi wa Januari, giza limeshaingia. Nairobi ilikuwa saa moja usiku, saa ya foleni. Mdogo wangu alikuwa amekwama Barabara ya Jogoo, taa za hatari zinawaka, makanga wa matatu za nyuma wakimwita kila jina. "Kaka, nikikanyaga mafuta linanguruma tu, haliendi." Akasogeza simu kwenye boneti ili nisikie. Nilisikia.

Wiki mbili kabla ya hapo, fundi wa kando ya barabara alimwambia mafuta ya giaboksi yamechoka. Akayamwaga, akajaza mapya. Gari lilipovutwa hadi gereji na kufunguliwa, yalitoka mafuta mekundu yenye harufu ya kuungua, yale ya otomatiki za kawaida. Giaboksi yetu ilikuwa ya CVT. Hiyo haina gia za kubadilishana. Ina mkanda wa chuma uliobanwa katikati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa kwa namna ya kuuacha mkanda ubane bila kuteleza. Ukitia mafuta mengine mkanda unateleza, unajikwaruza, na siku yake inafika. Giaboksi nyingine, tena ya mtumba, ilikula nauli yangu ya Desemba.

Fundi hakuwa mwizi. Hakujua tu. Mdogo wangu naye hakujua kwamba kuna swali la kuuliza. Aliyejua nilikuwa mimi, karibu kilomita 7,000 kutoka hapo. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kutoka Minneapolis au Doha anunue kigari gani cha kuweka nyumbani, namrudishia swali: nani atakaa nacho miezi kumi na moja ambayo wewe haupo?

Kama ni mama anayekwenda kanisani, sokoni na kliniki, usimnunulie gari unalolitamani wewe. Mnunulie lile ambalo fundi wa mtaa wake amelifungua mara mia. Kwa Nairobi hiyo ina maana ya Vitz, Passo, Demio, Note, Fit au Swift. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee bado wanapaita Grogan, mpya na zilizotumika, na ukikosa duka la kwanza unaelekezwa la pili. Gari la Ulaya la bei ileile linaweza kuwa tamu zaidi kuendesha, lakini sensa moja ikifa mama atakaa wiki tatu akipanda boda.

Ndani ya orodha hiyo kuna mitego. Demio ya dizeli inavutia kwa ulaji mdogo wa mafuta, ila ina chujio la moshi linalotaka safari ndefu ili lijisafishe. Safari za nyumbani hadi shule na kurudi zinaliziba. Fit ya mseto (haibridi) ya kizazi kilichotoka 2013 iliitwa kiwandani mara kadhaa huko Japani kwa sababu ya giaboksi yake ya klachi mbili, kwa hiyo ukiipata bei ya kutupa, jiulize kwa nini. Note na Vitz nyingi ni za CVT, na hilo si kosa, mradi mafuta yawe yake. Chukua maka peni, andika aina ya mafuta ya giaboksi upande wa ndani wa boneti, kwa herufi kubwa. Sisi tuliandika baada ya mazishi ya giaboksi.

Halafu kuna suala la mwinuko ambalo wauzaji hawaligusi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Vitz yenye injini ya sisi (cc) 1,000 na nguvu za farasi 69 kwenye karatasi inabaki na hamsini na kitu. Mjini haidhuru, foleni haihitaji farasi. Lakini pakia watu wanne na gunia la viazi, kisha upande kutoka Mai Mahiu kuja Rironi: utazima kipoza hewa, utashusha dirisha, na lori la saruji litakupigia honi. Kama nyumbani kwenu ni Nyahururu au Nyeri na gari litakuwa likienda huko, tafuta la sisi 1,300 au 1,500.

Angalia na tumbo la gari. Matuta ya mitaa yetu hujengwa na yeyote mwenye saruji na hasira. Vigari hivi vimekaa chini, na wengi huvipandisha kidogo kwa kuweka spesa juu ya springi. Kidogo, nimesema. Ukivipandisha sana vinayumba kwenye kona na kumaliza bushi mapema.

Sasa, kuagiza au kununua palepale Kenya? Ukiagiza, Kenya haipokei gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Mwaka unapogeuka, mlango unasogea: kwa 2026, gari liwe limesajiliwa 2019 au baadaye. Kinachowaumiza watu ni meli. Ukinunua Novemba gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa na likatia nanga Mombasa Januari, limeshazeeka baharini. Kwa gari la aina hiyo fanya hesabu ya mwezi mmoja na nusu kurudi nyuma, kisha ongeza siku za uzembe.

Ushuru nao hautozwi kwa bei uliyolipa wewe. Mamlaka ya Mapato, KRA, ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inapunguza kwa umri, na kutokana na hapo inakokotoa: ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1,500 na asilimia 25 au zaidi ikizidi, VAT asilimia 16, na ada mbili ndogo za uagizaji na reli. Zile tatu za kwanza, kila moja inapanda juu ya mgongo wa nyingine. Ndiyo maana gari ulilolipia dola elfu nne Yokohama linafika Nairobi na bei ya kukufanya ukae chini. Mwombe muuzaji karatasi ya mnada, na uisome mwenyewe. Alama 4 ni gari zuri. R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kilomita zilizoandikwa pale uzilinganishe na dashibodi.

Mnaorudi kabisa mna nafasi ambayo wengi huipoteza kwa kutojua. Mkenya aliyeishi nje miaka miwili au zaidi na anayehamia nyumbani anaweza kuingiza gari moja bila ushuru, alimradi amelimiliki na kulitumia huko kwa mwaka mzima. Hii ni ya kupanga mapema: gari unalonunua miezi mitatu kabla ya kurudi halikusaidii. Ndugu wa Uingereza, usukani wenu uko upande sahihi, ila lala chini uangalie chasisi kwanza. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma kimyakimya.

Mimi binafsi, kwa gari la mama, ningenunua lililotumika Kenya miaka miwili mitatu, kutoka kwa mtu mmoja anayejulikana. Yadi za Ngong Road na Kiambu Road zina magari mazuri pia, lakini mtu wako aende mchana, na fundi ambaye hatalipwa na muuzaji. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi jijini, na gari lililokunywa maji huoshwa likanukia maua. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho kabisa, ile sehemu isiyovutwa kila siku. Ukikuta mstari wa matope uliokauka, kama alama ya maji kwenye ukuta, aga kwa heshima uondoke. Inua pia zulia la buti pale tairi la akiba linapolala, uguse kwa vidole.

Kabla ya shilingi yoyote kutoka, tafuta rekodi ya gari kupitia akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ni ada ndogo, na inakuonyesha mmiliki ni nani na kama benki ina mkono wake pale. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho, nawe mnunuzi unaukubali kwenye akaunti yako, hata ukiwa Dallas, ukiwa na PIN ya KRA. "Transfa tutafanya baadaye, bosi" ni sentensi ya kukatia simu. Na laini yako ya Kenya ibaki hai, maana ujumbe wa kuthibitisha unaletwa huko. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine.

Logibuku, hati ya umiliki wa gari, iandikwe jina lako au la mama? Wengi huona haya kulijadili hili na wazazi, kisha wanagombana na shemeji miaka mitano baadaye. Kumbuka tu kwamba gari likigonga mtu, anayetafutwa kwanza ni aliyeandikwa. Kama ni zawadi, mpe mama kweli, kwa jina lake. Kama ni lako na yeye analitunza, liwe lako na bima ijue anayeliendesha. Bima kubwa hulipia na gari lako. Ile ya mtu wa tatu hulipia tu uliyemgonga. Stika ikishatolewa, ihakikishe kwenye DMVIC, mfumo wa vyeti vya bima vya kidijitali, kwa sababu broka anaweza kukutumia picha nzuri sana ya kitu kisichokuwepo.

Ada ya matengenezo usimtumie binamu. Mlipe fundi moja kwa moja kwa M-Pesa, baada ya picha ya chupa ya oili iliyofunguliwa na picha ya kilomita. Oili kila kilomita 5,000, hata kama chupa imeandikwa elfu kumi. Vumbi na foleni havijasoma chupa. Vioo vya pembeni vichongwe nambari ya gari wiki ya kwanza. Kwenye foleni, kijana anaweza kukinyofoa kioo na kupotea katikati ya magari kabla hujafungua mlango, na kesho yake unaulizwa kama unatafuta kimoja kama hicho.

Ukija likizo, mazoea ya majuu yaache Embakasi, kwenye uwanja wa ndege. Leseni iwe hai kabla ya kuruka, usiwe mtu wa kuihuisha siku ya pili ukiwa na uchovu wa ndege. Gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari. Kwenye mzunguko, taa ikiwa nyekundu na askari akikupungia upite, mtii askari. Taa ni mapambo wakati huo. Barabara ya juu, ile Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inakutoza kati ya shilingi 170 na 500 kutegemea unapoingia na unapotokea, na jioni ya mvua kila shilingi ni halali. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kawi, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo jioni hiyo usishangae foleni ya kituo cha petroli, au kituo kitupu kabisa. Kila mtu anakisia kesho itakuwaje.

Siku ya kurudi, kama gari litasimama bila mtu, pandisha upepo wa tairi kidogo, ondoa waya hasi wa betri, toa kila punje ya karanga chini ya viti. Panya wa South B walikula waya za injini ya rafiki yangu kwa sababu ya pakiti moja ya njugu. Kama lina mtu, kaeni naye saa nzima na boneti wazi, ashike kila kifuniko kwa mkono wake, akutajie kinachoingia pale. Mdogo wangu sasa akifika kwa fundi mgeni, kwanza anafungua boneti na kumwonyesha yale maandishi ya maka peni. Mmoja alimuuliza, "Kwani hili gari lina shule?" Akajibu, "Ada tulishalipa."