SOMO: Wateja wamekushtaki kwa pamoja Marekani kisa lebo ya chakula, unaanzia wapi

Wadau, hili ni kwa mnaouza achari, pilipili au chai za paketi kule Marekani. Mtu ananunua chupa moja ya dola 4 anafungua kesi kwa niaba ya wote walionunua, hapo ndo dola 4 zinageuka mamilioni.

1. Usifute kitu. Barua ya wakili ikifika tu tunza lebo zote za zamani, emaili, majibu ya maabara. Kwa California, sheria ya walaji inakupa siku 30 urekebishe kabla hawajadai fidia, zitumie.

2. Kesi ikifunguliwa mahakama ya jimbo unaweza kuihamishia ya shirikisho kwa sheria ya 2005, kama madai yanazidi dola milioni 5 na watu wanafika 100, ila una siku 30 tu tangu ukabidhiwe hati.

3. Hapa ndo penyewe, kuomba kesi itupwe mapema. Jaji anauliza, mnunuzi wa kawaida angedanganyika? Shika pakiti yako usome mbele tu kama mtu ana haraka dukani. Wegmans, wenye maduka makubwa ya vyakula, walishtakiwa New York kwa aiskrimu ya vanila, 2020 jaji akaitupa kwasababu neno vanila pale linaeleza ladha. Lakini Kellogg, kampuni ya vyakula, 2018 walikwama, boksi la biskuti zao za Cheez-It limeandika nafaka nzima kwa herufi kubwa kumbe unga mwingi ni mweupe, na orodha ya viambato pembeni haikuwaokoa.

4. Isipotupwa, pinga kundi lenyewe, yaani mwombe jaji asiidhinishe wanunuzi wote washtaki kama kundi moja. Tangu kesi ya Comcast, kampuni ya TV za kebo, 2013 mdai lazima hesabu yake ya hasara iendane na uongo anaoudai, wengi wanakwama hapo.

MASWALI

Mkuu kwahiyo maandishi ya nyuma hayasaidii kabisa?
Yanasaidia pale neno la mbele lina utata. 2023 Procter & Gamble walishinda rufaa ya shampuu California kwa njia hiyo. Uongo wa wazi hayafuti.

Achari yangu nimeandika haina kihifadhi ila naweka ndimu ya unga kidogo?
Dada yangu toa hayo maneno leo! Ndimu ya unga ndo asidi ya sitriki, na hiyo wanaihesabu kihifadhi, mawakili wanazunguka madukani kuitafuta hiyo hiyo.

Kwanini nisimlipe huyo mmoja yaishe?
Kabla kundi halijaidhinishwa unaweza, ila kesho anakuja mwingine na lebo ile ile. Badilisha lebo kwanza ndo uongee hela.