Namna ya kuangalia The Bund bila kupotea njiani

Kama hujawahi kugusa tamthilia za Hong Kong anza na hii ya 1980 ya TVB (kituo cha televisheni cha huko Hong Kong), episodi 25 tu, wikiendi mbili umemaliza. Tafuta yenye sauti yenyewe ya Kikantoni na sabtaito, zile zilizoingizwa sauti za lugha nyingine achana nazo, zinaua uigizaji wote. Afu shika majina matatu: Hui Man-keung (Chow Yun-fat), msomi anayetua Shanghai hana kitu mfukoni, Ting Lik (Ray Lui), kijana wa mtaani anayekuwa kama ndugu yake, na Fung Ching-ching (Angie Chiu), wote wawili wanampenda na baba yake ndo bosi wa magenge, sasa hapo jipange.

Chow akinyamaza weka simu chini, jamaa anaigiza kwa macho, koti jeusi, skafu nyeupe, kasimama tu na wewe tumbo linakukata. Ting Lik mfuatilie taratibu, madaraka yanambadilisha kidogo kidogo, mi naona Ray Lui hasifiwi vya kutosha. Seti ni za studio inaonekana kabisa, utazoea. Wimbo wa mwanzo alioimba Frances Yip usiuruke. Episodi ya mwisho usiangalie usiku kama kesho una kazi.