Mrushaji akikutana na mashoto, usimpeleke benchi

Makocha wa besiboli hapa Dar, wa pale Azania na kwingineko, chukueni hii. Mrushaji wako wa mkono wa kulia anasumbuliwa na mpigaji mmoja mashoto? Ukimtoa ndiyo basi, harudi tena. Badala yake mpeleke nyuma uwanjani akadake mipira, ingiza mrushaji mashoto amalizane na huyo mmoja, kisha mrudishe wa kulia aendelee.

Kocha Joe Maddon aliwahi kuzungusha warushaji wake hivyo akiwa na timu ya Chicago Cubs mwaka 2016, dhidi ya Cincinnati Reds. Watu walicheka, lakini hesabu yake ipo: mpira wa kupinda wa mrushaji wa kulia humkimbia mpigaji wa kulia, ila kwa mashoto unamfuata mwenyewe mikononi.

Sasa, umsimamishe wapi? Mashoto akiuvuta mpira kwa nguvu, mara nyingi unaelekea kulia kwa mpigaji. Kwa hiyo mrushaji wako aende kushoto. Mchezaji aliyechoka mkono usimtegemee kurusha mpira mrefu hadi besi ya nne.

Kwenye ligi kuu ya Marekani mbinu hii imebanwa tangu 2020, maana mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji 3 au amalize zamu ya wapinzani kupiga. Mashindano yenu huenda yana kanuni nyingine, kwa hiyo muulizeni mwamuzi kabla ya mechi, siyo katikati ya mabishano.