Somo: Kairo hadi Aleksandria, kilomita ngapi na saa ngapi?

Wanafunzi wanaokuja Al-Azhar huuliza hili wiki ya kwanza, maana Kairo ina joto na kila mtu ana hamu ya kuiona bahari. Waulize watu watatu, utapewa 180, 208 na 220, na hakuna aliyekudanganya.

Hatua ya 1: Mstari ulionyooka. Kairo iko nyuzi 30.04 kaskazini na 31.24 mashariki, Aleksandria 31.20 na 29.92. Kuelekea kaskazini tofauti ni nyuzi 1.16. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 129. Kuelekea magharibi ni nyuzi 1.32, lakini huku usitumie 111: mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, na hapa uzi mmoja ni kama kilomita 96. Jibu ni 127. Tumia kanuni ya Pithagorasi, utapata kama 180. Huo ni umbali wa ndege wa angani, si wako.

Hatua ya 2: Chagua njia. Reli ni kilomita 208, kupitia Banha, Tanta na Damanhur katikati ya mashamba ya Delta ya mto Nili. Ndiyo reli kongwe Afrika: kipande cha kwanza kilifunguliwa 1854, ikafika Kairo 1856. Barabara ya jangwani, Sahrawi, ni kama 220. Ipo pia Zira'i, ya mashambani (ndugu wa neno letu "zaraa"), ila inapita mijini na kati ya matrekta. Iache.

Hatua ya 3: Gawa kwa mwendo wa wastani. Si mwendo wa juu kabisa. Hapo ndipo wengi hukosea. Gari likienda wastani wa kilomita 85 kwa saa, 220 ÷ 85 ni saa 2 na dakika 35 hivi. Treni ya haraka ni saa mbili na nusu hadi tatu.

Hatua ya 4: Ongeza safari ya kufika stesheni. Foleni ya kwenda Ramses, stesheni kuu ya Kairo, yaweza kukumalizia saa nzima.

MASWALI

*Je, mikrobasi si haraka zaidi?*
Barabarani, pengine. Lakini haina ratiba, huondoka ikijaa kama daladala. Na Alhamisi jioni wakati wa kiangazi usijaribu, kwa kuwa mapumziko ya Misri ni Ijumaa na Jumamosi, na nusu ya Kairo inakimbilia pwani.

*Ustadhi, nimeambiwa treni ni "saa talata". Nifike saa tatu asubuhi?*
Hapana, ndugu yangu! Talata ni tatu, lakini Waarabu huhesabu kuanzia saa sita zetu, kwa hiyo ni saa tisa alasiri. Mimi nilifika asubuhi, nikakaa na begi langu saa sita nzima. Angalia tiketi: 15:00.

*Nishuke Sidi Gaber au Mahattat Misr?*
Zote ni stesheni za Aleksandria. Sidi Gaber inatangulia, inafaa kwa wanaokwenda mitaa ya mashariki. Ukitaka katikati ya mji, subiri Mahattat Misr, kituo cha mwisho. Usishtuke kuona "Misr": Wamisri huita Kairo jina hilohilo la nchi.