Kupima kemia ya manii kwa NMR, na namna filta ilivyotutia aibu

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia hapa Malindi na karatasi zake za spektra za NMR, ile mashine ya sumaku inayoonyesha kila kemikali kwa vilele vyake, uso umekunjuka kama aliyeokota lulu. "Shikamoo mwalimu, nimepata kitu." Kwenye manii ya wanaume wasiopata watoto kulikuwa na vilele vikubwa, 3.56, 3.65 na 3.78 ppm (ppm ni namba ya mahali kilele kinapokaa). Kwa wenye watoto, hakuna. Nikamwuliza filta alizisuuza mara ngapi. Akanyamaza. Tukaanza upya, hivi:

Hatua ya 1: Chombo na saa

Ruhusa ya kamati ya maadili na ridhaa ya mtoaji unazijua. Mtoaji ajizuie siku 2 hadi 7, asitumie kondomu wala kilainishi, na mikono aoshe kwa sabuni na maji, si spiriti. Ethanoli ya spiriti hujitokeza kwenye 1.18 ppm, navyo vilainishi vingi vina gliseroli.

Andika dakika manii yalipotoka. Yaache kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30 yalainike, na ziwe 30 kwa kila mtu. Kimeng'enya cha fosfatesi asidi kutoka tezi dume huwa kazini muda wote huo, kinakata fosfokolini na kuacha kolini. Aliyesubirishwa dakika 90 ataonekana ana kolini nyingi, kumbe ni foleni tu. Na msimu wa kaskazi usiyaache mezani ukidhani joto la chumba ni lile la vitabuni.

Hatua ya 2: Kutenga mbegu

Zungusha kwa sentrifuji mbegu zitulie chini, chukua maji ya juu, gandisha kwenye nyuzi -80. Stima huku ina mambo yake, kwa hiyo mimi huomba nafasi kwenye mtungi wa naitrojeni wa wale wanaopandisha ng'ombe kwa mrija. Nyuzi -196 hazingoji stima irudi.

Hatua ya 3: Filta (soma mara mbili)

Maji ya manii yana protini nyingi, nazo huvimbisha mstari wa chini wa spektra na kuishika TSP, ile dawa tunayoifanya alama ya sifuri. Ndiyo maana tunachuja kwa filta ya kilodaltoni 3, inayozuia molekuli kubwa kama protini na kupitisha ndogo. Wapo wanaotumia methanoli kugandisha protini. Mimi siipendi, maana lazima uikaushe, na ikibaki kidogo inakuachia kilele chake kwenye 3.36.

Sasa balaa lenyewe. Utando wa filta hizi hutoka kiwandani umepakwa gliseroli usikauke. Usipousuuza, gliseroli inashuka na sampuli, na vilele vyake ni vile vile vitatu vya kijana wangu. Tena vinaangukia penye fruktosi, sukari kuu ya manii, kwa hiyo usipovitambua utavihesabu kuwa sukari. Mimi mwenyewe niliwahi kupotea humo siku mbili nzima, nikiilaumu mashine.

Suuza hivi: jaza maji safi ya maabara mililita 0.5, zungusha, mwaga, rudia. Mara 2 hazitoshi. Mimi nafanya 7. Usiache utando ukauke kati ya mzunguko na mzunguko, utapasuka na protini zitapita. Mwisho pindua filta uizungushe kidogo, maji yaliyobaki yatoke, la sivyo utaizimua sampuli bila kujua kwa kiasi gani.

Kisha pitisha maji matupu kwenye filta moja ya kila boksi, uyapime kama sampuli. Yakionyesha 3.65, boksi zima lirudi kusuuzwa.

Jambo lililomponza kijana ni kwamba wenye watoto aliwachuja wiki nyingine, kwa filta ambazo mwenzake alishazisuuza. Changanya makundi. Kila mzunguko uwe na wa huku na wa kule.

Hatua ya 4: Bafa

Mchujo mililita 0.3, maji 0.24, bafa kali ya fosfati (ya kuishika pH isiyumbe) ya pH 7.4 katika maji mazito (D2O), yenye TSP, 0.06. Bafa usiipunje: sitreti huhama kufuata pH, na pia kufuata kalsiamu, magnesiamu na zinki, ambazo manii yanazo tele.

Hatua ya 5: Mashine

Malindi hatuna, sampuli husafiri zimegandishwa. Omba kipimo cha protoni (viini vya hidrojeni) chenye kuzima kilele cha maji, nyuzi 25. Ukipewa mashine ndogo ya mezani, kataa. Sukari zote zitakuwa kichuguu kimoja.

Hatua ya 6: Kusoma

TSP iwe sifuri. Laktati itafute 1.33; kile kilele chake cha 4.11 kinagombania nafasi na fruktosi. Alanini 1.48. Sitreti ni jozi mbili zinazoegemeana kati ya 2.5 na 2.7, nayo hutoka tezi dume. Fruktosi hutoka vifuko vya manii, kwa hiyo moja ikipungua peke yake unajua mlango wa kubisha. Kreatini 3.03.

Penye 3.20 hadi 3.23 usikisie. Kolini, fosfokolini na gliserofosfokolini zimebanana hapo kama abiria wa matatu. Chukua mchujo uliobaki, tia fosfokolini halisi kidogo, pima tena. Kilele kikipanda pale pale bila bega jipya, ndicho. Kikichomoza pembeni, jaribu inayofuata.