Kukusanya vikorombwezo vya reli na barabara vya Dinky

Wengi wanaoanza kukusanya Dinky, vitu vidogo vya kuchezea vya Kiingereza, hukimbilia magari. Mimi navipenda vile vinavyosimama kando yake: pampu za mafuta, sanduku la posta, taa za barabarani, mpagazi wa stesheni na mizigo yake mikononi. Ni vidogo mno, na vingi viliishia chini ya makochi na kwenye majaa. Hapa Uingereza navitafuta kwenye magulio ya Jumapili, wauzaji wakishafungua mabuti ya magari yao asubuhi na mapema.

Hatua ya 1: Chagua kipindi na ukubwa

Kampuni ya Meccano ya Frank Hornby, huko Liverpool, ilianza kuuza treni za kuchezea za Hornby mwaka 1920. Mwaka 1931 ikatoa watu wadogo na wanyama wa kupambia reli hizo, na mwaka 1934 jina la Dinky Toys likaanza kutumika. Yaani wahudumu wa stesheni waliyatangulia magari! Treni za ukubwa uitwao O zina upana wa milimita 32 kati ya reli na reli. Hornby Dublo, treni ndogo zaidi iliyotoka 1938, ina 16.5 tu. Mpagazi wa O ukimsimamisha kando ya behewa la Dublo anakuwa jitu, kwa hiyo amua mapema.

Hatua ya 2: Beba lenzi na sumaku

Sumaku inanasa bati, hainasi risasi wala zinki, hivyo utajua kitu kimetengenezwa kwa nini. Basi.

Hatua ya 3: Geuza kitu juu chini

Hapa usiwe na haraka. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, zinki iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ilikuwa na uchafu wa risasi ndani yake. Miaka ikipita, zinki hiyo huvimba, hupinda, hupasuka kama tope lililokauka, mwisho hubaki vipande. Hakuna dawa. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Kilichooza hakikiharibu cha jirani.

Niliwahi kununua behewa la Dublo la kabla ya vita. Ubavu wake wa bati uling'aa, rangi haikuwa na mkwaruzo, nikalipa bila kuligeuza. Nyumbani nikaliweka kwenye reli, gurudumu moja likabaki hewani. Chini, fremu ya zinki ilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele kutoka ncha hadi ncha. Tangu siku hiyo naanza na chini, kwa lenzi, ndipo natazama rangi.

Hatua ya 4: Chunguza mipira ya pampu

Seti namba 49 ina pampu nne na pipa la oili, na pampu mojawapo ni ya Shell, jina lililotupa neno "sheli". Mipira, yaani vibomba vya kujazia mafuta, ni ya raba halisi kwenye pampu za kabla ya vita, na ya plastiki kwenye za baada ya vita. Mpira laini kabisa kwenye pampu ya zamani umebadilishwa. Si kosa, ila bei ishuke. Ule wa asili umekauka. Usiukunje hata kidogo.

Tafadhali usipake rangi upya. Rangi iliyobanduka ni ya kweli, na mkusanyaji atakayekuja baada yako ana haki ya kuiona.

Hatua ya 5: Hifadhi vizuri

Wengi wa wale watu wadogo wa zamani ni wa risasi, na risasi ni sumu: nawa mikono, weka mbali na watoto. Usiwaweke kwenye droo ya mwaloni, kwa sababu mvuke wa asidi wa mti huo huigeuza risasi kuwa unga mweupe. Kabati la chuma au kioo linafaa, na karatasi isiyo na asidi chini ya kila kimoja.

Kwenye kikaratasi naandika tarehe, bei na kilichobadilishwa, halafu nakiweka pamoja na kitu chenyewe.