Somo: Siku tatu kwa baiskeli kwenye barabara nyeupe za Siena

Ndugu wanachama, somo hili linahusu safari ya siku tatu kusini mwa Siena, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, kwenye barabara za changarawe ambazo wenyeji huziita strade bianche kwa sababu ya weupe wa mawe yaliyosagwa juu yake. Barabara nyingi za aina hii zilikuwa zikimezwa na lami, na tamasha la baiskeli la L'Eroica, lililoanzishwa mwaka 1997 katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, lilikuwa na shabaha ya kuzinusuru. Leo njia ya tamasha hilo, yenye kilomita 209, imewekewa vibao vya kudumu, na mtu yeyote anaweza kuipita wakati wowote wa mwaka bila kujiandikisha. Ratiba ninayoieleza hapa inafuata sehemu ya kusini ya njia hiyo.

Hatua ya kwanza: pima mwinuko kabla ya kupima kilomita

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni kilomita ngapi kwa siku, nalo ndilo linalowapoteza. Hakuna mlima mkubwa katika ratiba hii, bali vilima vifupi vinavyofuatana, kila kimoja kikikudai nguvu kabla hujapumua vizuri kutokana na kile kilichotangulia. Miji nayo ilijengwa juu ya vilima ili ilindwe kwa urahisi dhidi ya maadui, kwa hiyo karibu kila mahali pa kula na kulala pana mpando wake wa mwisho. Montalcino uko kwenye mwinuko wa mita 560 hivi, ilhali Buonconvento, ulio chini yake bondeni, uko kwenye mita 150 hivi. Mtu anayemudu kilomita 100 za lami tambarare nyumbani apange 50 huku, na jumla ya kupanda isizidi sana mita 1,000 kwa siku ikiwa amebeba mizigo. Programu yoyote ya kuchora njia itakuonyesha jumla hiyo; isome kabla ya kulipia malazi.

Hatua ya pili: andaa baiskeli

Tairi lenye upana wa milimita 40 linatosha kabisa. Kwa mwendeshaji wa kilo 70, upepo wa baa 2.2 hadi 2.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukisikia rimu ikigonga mawe, ongeza kidogo, na ukiona baiskeli inarukaruka na mikono inakufa ganzi, punguza. Gia nyepesi ni muhimu kuliko wepesi wa baiskeli: meno ya gia ndogo ya mbele yasizidi yale ya gia kubwa ya nyuma, la sivyo utasukuma baiskeli kwa miguu mara nyingi. Badilisha breki zilizolika kabla ya kuondoka, kwa kuwa huko vijijini si kila mahali utampata fundi.

Hatua ya tatu: fuata njia hii

Siku ya kwanza toka Siena kuelekea kusini kupitia Radi na Murlo, ushuke hadi Buonconvento. Mji huu ni wa pekee kwa kuwa uko bondeni, mahali mito ya Arbia na Ombrone inapokutana, na bado una kuta zake za matofali mekundu. Hapo ndipo Henry VII, Mfalme Mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi, alipofariki mwaka 1313, akiwa katika vita vyake vya kuitiisha Italia. Kula na upumzike hapo, maana kinachofuata ni mpando wa Montalcino, nao ni mrefu. Ukifika juu, itazame ngome yake kwa heshima: Siena iliposalimu amri mwaka 1555, baadhi ya raia wake walihamia Montalcino na kuiendeleza jamhuri yao humo hadi mwaka 1559. Mtu aliyepanda mpando ule kwa miguu yake mwenyewe anaelewa vizuri kuliko msafiri wa basi kwa nini walichagua kujihami pale.

Siku ya pili ni fupi. Shuka hadi Torrenieri, ukapite San Giovanni d'Asso, ukalale Asciano. Itumie siku hii kupumzisha miguu na kuangalia mashamba.

Siku ya tatu ndiyo kiini cha safari. Kutoka Asciano unaingia kipande cha Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za changarawe katikati ya vilima vya mfinyanzi vinavyoitwa Crete Senesi. Udongo huu wa kijivu ulitandazwa na bahari ya kale, na mvua imeuchonga kuwa migongo na makorongo yasiyo na mti. Barabara hupita juu ya migongo hiyo, ikitumbukia ghafla na kupanda tena, na katika miteremko mikali utaona changarawe imesukumwa pembeni na magari hadi ikabaki mistari miwili myembamba iliyoshindiliwa. Chagua mstari mmoja mapema na ubaki humo, kwa sababu kuuvuka ukuta wa changarawe laini ulio katikati wakati wa kushuka ndiko kunakoangusha watu. Waendeshaji wa kulipwa katika mbio za baiskeli za Strade Bianche, zilizoanza mwaka 2007, hupita hapa, na kipande hiki kimepewa jina la Fabian Cancellara, aliyeshinda mwaka 2008, 2012 na 2016. Ukishatoka humo, endelea hadi Castelnuovo Berardenga, kisha urudi Siena.

Ukiingia Siena unaweza kupanda mtaa wa Santa Caterina kama wanavyofanya waendeshaji wa mbio hizo, ingawa mwinuko wake unafika asilimia 16. Palipo na watu wengi, shuka na ukokote baiskeli hadi uwanja wa Piazza del Campo.

Hatua ya nne: maji na chakula

Jaza chupa mbili katika kila mji, hata kama moja bado imejaa, kwa kuwa katika vilima vya Crete Senesi hakuna kivuli wala duka. Bomba lenye maandishi acqua potabile ni salama; lenye non potabile usilinywe. Maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa kadhaa, kwa hiyo nunua chakula asubuhi.

Hatua ya tano: jizoeze kushuka

Funga breki ukiwa bado kwenye mstari ulionyooka, kabla ya kona, kisha uiachie baiskeli izunguke. Rudisha uzito nyuma kidogo, legeza viwiko, na utazame mbali unakokwenda, si gurudumu lako. Wageni wengi huumia kwenye miteremko, si kwenye mipando, nami nawasihi msiipuuze hatua hii.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Arusha:* Shikamoo mwalimu. Nina baiskeli ya mlima yenye springi mbele. Je, niibebe au nikodi huko?

Marahaba. Inafaa, ila weka tairi zenye meno madogo. Ukiibeba, ondoa pedeli, geuza usukani, na upakie kwenye boksi gumu. Kumbuka kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa, kinyume cha ile ya kulia. Wengi huikaza zaidi wakidhani wanaifungua. Kama shirika lako la ndege linatoza gharama kubwa kwa baiskeli, kodi Siena, lakini agiza kipimo chako mapema.

*Mwanachama wa Nairobi:* Mvua ikinyesha usiku, tuingie Monte Sante Marie asubuhi yake?

Barabara nyeupe iliyoshindiliwa huvumilia mvua ya wastani. Kisichovumilika ni njia za mashambani: mfinyanzi ule hunasa kwenye tairi na fremu hadi gurudumu likatae kuzunguka. Ikiwa mvua ni kubwa, rudini Siena kwa barabara ya lami ya Lauretana, ambayo nayo inapita juu ya vilima vilevile na mandhari yake haina upungufu. Asciano na Buonconvento pia ina vituo vya treni za kwenda Siena. Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni na Septemba hadi Oktoba mwanzoni. Epukeni Siena tarehe 2 Julai na 16 Agosti, siku za mbio za farasi za Palio, kwa sababu mji hufurika.

*Mwanachama wa Maskati:* Mwalimu, sisi hatuli nguruwe. Tutakula nini?

Dada, agizeni pici all'aglione, tambi nene zinazosokotwa kwa mkono na kupikwa kwa nyanya na kitunguu saumu. Mseme senza carne, yaani bila nyama, na muulize kuhusu mchuzi kabla ya kuagiza, kwa kuwa vipande vya nguruwe hutiwa hata kwenye mboga. Kwa nguvu za njiani, nunueni panforte ya Siena, keki ngumu ya lozi, asali, matunda na viungo. Kipande kidogo kinatosha mpando mzima.

*Mwanachama wa Tanga:* Vipi kuhusu mbwa?

Wafugaji wa kondoo wana mbwa wakubwa weupe. Usiwakimbie. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, sema naye kwa sauti tulivu, na utembee polepole hadi ulipite kundi. Na kwa kuwa uko Tanga, ndugu yangu, uwanja wa mazoezi unao: barabara ya Lushoto hadi Mtae ina mipando na miteremko ya kutosha. Chagua mpando wa dakika tano hadi kumi, uurudie mara nne ukiwa na mizigo yako yote, na ukishuka zingatia hatua ya tano.